Digrii Ishirini na Mbili

Koki za rejeta nyumbani kwa Bi Irmtraud Wessling zilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na hakuna hata moja iliyowahi kubishana naye. Ukizungusha kushoto, maji ya moto yanapita na chuma kilicho chini ya dirisha kinapata joto. Ukizungusha kulia, yanakoma. Mtu wa miaka sabini na tisa hahitaji maelezo zaidi ya hayo. Lakini mwaka ule bei ya gesi ilipaa, na watu wazima wenye akili zao wakaanza kusalimiana kwa digrii: sisi tuko kumi na tisa, nyie je? Aliyekaa sebuleni kwake na sweta mbili alijiona shujaa wa taifa. Ndipo Volker, mtoto wa pekee wa Bi Wessling, alipoamua kwamba koki za mama yake zimepitwa na wakati.

Fundi bomba alikuja Jumanne moja ya Novemba, saa mbili asubuhi. Aliitwa Brosch, mtu mnene mwenye magoti mabovu, na ngazi thelathini na nane za mtaa ule wa mlimani zilimfikisha mlangoni akihema na kuulaani mji mzima wa Altena.

"Nani alikwambia ujenge huku juu kama mbuzi, Bi Wessling?"

"Marehemu mume wangu. Alitaka kukiona kiwanda chake cha nyaya hata siku ya mapumziko. Vua viatu."

"Fundi havui viatu."

"Basi fundi anafuta miguu. Na zaidi ya mara moja."

Alifuta mara tatu, kwa kejeli, kisha akakuta jikoni amewekewa kahawa na mikate miwili ya nyama mbichi ya kusaga na vitunguu, kama tunavyoipenda huku kwetu, akasamehe yote. Bi Wessling alikaa mkabala naye, mikono imekunjwa, akimtazama anavyokula. Tangu mumewe afe alikuwa hajapata mtu wa kumtazama akila saa tatu asubuhi.

Koki ya kwanza iligoma. Brosch alifungulia maji yote ya mfumo yatoke kwanza, yakatiririka kwenye ndoo meusi kama kahawa, halafu akaikabili kwa spana mbili, akaipulizia mafuta, akaigonga kwa nyundo, akaipumzisha, akairudia.

"Aliyekaza hii siku hiyo alikuwa na hasira na mkewe."

"Aliyekaza hiyo alikuwa Reinhold, mume wangu."

"Samahani, Bi Wessling."

"Usiombe samahani. Huenda ni kweli."

Ilipotoka, alisafisha nyuzi za bomba, akazungushia katani na mafuta yake maji yasivuje, akafunga koki mpya inayong'aa, na juu ya koki akabana kichwa cheupe cha plastiki chenye kioo kidogo cha tarakimu. Kichwa kilikohoa, kikazunguka chenyewe bila kuguswa na mtu, kikatulia. Kilikuwa na betri ndani, na kiliongea na simu ya Volker huko Hannover, mwendo wa saa tatu kwa gari. Vilikuwa sita, kimoja kwa kila rejeta.

Shida ilianzia sebuleni. Rejeta za sebuleni, chumba cha kulala na jikoni zilikuwa zimefunikwa na masanduku ya mwaloni yenye matundu mbele, kazi ya mikono ya Reinhold, na juu ya kila sanduku palipangwa vyungu vya maua. Brosch aliinua ubao wa mbele wa sanduku la sebuleni, akachungulia, akauweka chini.

"Haya masanduku una haja nayo sana?"

"Yatakaa hapo mpaka nife."

Brosch akamwangalia, akaangalia maua, akatoka hadi barazani akafunga mlango wa kioo nyuma yake. Bi Wessling alimwona akipiga simu. Fundi alikuwa anasema maneno ya maana sana, ila alikuwa anayasema kwa mtu asiye ndani ya nyumba hiyo.

"Bwana Wessling, hivi vichwa vina kipimajoto tumboni. Vinapima hewa ya palepale vilipo. Ukivifungia ndani ya mbao pamoja na chuma cha moto, vitadhani chumba kizima ni moto, vitafunga maji. Mama yako atakaa kwenye barafu."

"Niko kwenye mkutano," alisema Volker. "Dawa yake nini?"

"Toa mbao. Au nunua vipimio vya ukutani, vidogo kama kiberiti. Yuro arobaini kimoja. Unahitaji vitatu."

"Funga tu sasa hivi. Hayo mengine nitayashughulikia."

"Nimekwambia lakini."

"Umeniambia. Asante sana."

Brosch akarudi ndani akisugua mikono.

"Mmesemaje?" aliuliza Bi Wessling.

"Mambo ya kiufundi tu. Mwanao anajua."

Na hapo ndipo ilipoharibika, kama unataka kujua. Brosch hakuwa mtu mbaya. Angemwambia mama mwenyewe, kwa maneno yaleyale, yule mama aliyelea mtoto na kuuguza mume na kulipa nyumba angeshusha maua yake, akang'oa mbao, akalia kidogo, mambo yakaisha. Lakini mama alikuwa mzee, na ankara ilikwenda kwa jina la mwana, kwa hiyo maelezo nayo yalikwenda kwa mwana. Brosch aliusukuma ubao mahali pake vizuri, kama alivyoukuta, akaaga.

Volker alirudi kwenye mkutano wake akaisahau ile simu kabla ya chakula cha mchana.

*

Asubuhi Bi Wessling alifungua madirisha. Usishangae, huku kwetu kila mtu hufungua madirisha, hata theluji ikianguka. Unayafungua yote wazi kabisa, unakung'uta mito na kuutundika mfarishi dirishani, hewa ya usiku itoke, mpya iingie, halafu unafunga. Mwenye nyumba asiyefanya hivyo majirani humsema. Alifanya hivyo kabla ya kahawa, baada ya chakula cha mchana, na kabla ya kulala, kama mama yake na bibi yake.

Jumapili Volker alipiga simu.

"Mama, juzi saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi dirisha la chumbani lilikuwa wazi."

"La chumbani, la sebuleni na la jikoni. Ilikuwa asubuhi."

"Dakika kumi na mbili nzima."

"Umeajiriwa polisi?"

"Simu inanionyesha. Na ukifungua, mashine inazima joto yenyewe nusu saa. Unapoteza."

"Mimi nilikulea kwenye nyumba isiyonuka, Volker. Ukitaka niache, njoo unizuie. Halafu, kuna baridi."

"Baridi wapi?"

"Hapa. Sebuleni. Nimevaa fulana mbili."

Volker alitoa simu sikioni, akaibonyeza, akairudisha. "Digrii ishirini na mbili, Mama. Nimekuwekea ishirini, na imezidi."

"Kipimajoto changu kinasema kumi na tano."

"Kile cha matangazo ya duka la dawa?"

"Hicho hicho."

"Mama, kile kitu kina miaka mingi kuliko ndoa yangu."

"Na kimedumu kwa amani zaidi," alisema Bi Wessling, na Volker hakucheka, kwa sababu mambo na mkewe Silke hayakuwa mazuri.

Hakuwa mwana mbaya pia. Alimpenda mama yake kama mtu mwenye kalenda anavyopenda: kila Jumapili saa kumi na moja jioni, Krismasi siku tatu, na kadi ya kuzaliwa iliyofika siku yenyewe. Alifanya kazi kwenye kampuni ya bima, akishughulika na madai ya watu waliosema bomba limepasuka lenyewe. Kazi hiyo ilimzoesha kuamini vipimo kuliko vilio.

Desemba Bi Wessling aliinama kwenye kichwa cha plastiki, akaingiza mkono kwenye tundu la ubao, akabonyeza alama ya kujumlisha. Haikutokea kitu ila picha ya kufuli. Akabonyeza tena, kwa kidole cha nguvu. Kufuli.

"Volker, hiki kitu kinanionyesha kufuli."

"Nimekifunga kwa simu. Ulikuwa unabonyezabonyeza."

"Umenifungia joto langu?"

"Inaitwa kufuli la watoto, Mama. Ni jina tu la kifaa, usilichukulie vibaya."

Bi Wessling alikata simu. Alikuwa amesimama kwenye nyumba aliyoilipia miaka ishirini na mitano, soksi za sufu mguuni.

Alimpigia fundi. Binti wa ofisini, mwenye sauti ya sukari, alipekua kompyuta. "Naona hapa mteja wetu ni Bwana Wessling."

"Mimi ni mama yake. Rejeta ni zangu. Mimi ndiye ninayekaa nazo."

"Naelewa kabisa, bibi. Ila oda ni ya Bwana Wessling. Yeye ndiye atupigie."

Annegret, jirani wa nyumba ya chini, alipanda Alhamisi kama kawaida na keki ya plamu chini ya kitambaa. Aliketi na koti lake mwilini.

"Unabana matumizi kweli kweli, Irmtraud. Mimi kwangu nimefika kumi na nane, nikadhani nimeshinda."

"Sibani kitu. Hakuna joto. Kile kifaa kinafunga chenyewe."

"Hee, usione haya, sote tunabana. Serikali yenyewe imesema."

"Annegret, nakwambia sibani! Nalala na kofia!"

"Si vizuri kujivuna," alisema Annegret, akakata keki. Majira yale mtu aliyesema anasikia baridi alidhaniwa anatangaza sifa zake. Alikunywa kahawa yake haraka kabla haijapoa, akashuka.

*

Krismasi Bi Wessling alikwenda Hannover, akalala siku tatu kwenye chumba cha wageni chenye joto, akapata nafuu mpaka akaimba. Volker akasema, unaona? Ulihitaji mabadiliko kidogo. Alimrudisha mpaka mlangoni, akateremsha sanduku, akawahi barabara kabla ya theluji.

Katikati ya Januari, baridi ya nje iliposhuka chini ya sifuri digrii nane, Bi Wessling alihamia jikoni. Aliwasha tanuri la kuokea, akaacha mlango wake wazi, akavuta kiti, akaweka miguu karibu. Yalikuwa maisha mazuri kwa siku nne. Siku ya tano, saa tano asubuhi, alisinzia akiwa anamenya viazi, na taulo la vyombo lililoning'inia kwenye mshikio likateleza ndani. Halikuwaka moto, liliungua polepole likatoa moshi. King'ora cha darini kikalia. Annegret, mtu wa kufuata utaratibu, akaita zimamoto.

Walikuja wanaume sita na buti zao. Hakuna hata mmoja aliyefuta miguu. Walilitupa taulo kwenye sinki, wakafungua madirisha yote ya nyumba moshi utoke, wakayaacha wazi kwa muda wa saa mbili, na kiongozi wao akaandika kwenye karatasi kwamba mwenye nyumba, mwanamke mzee anayeishi peke yake, alikuwa akitumia tanuri kupasha joto chumba ingawa rejeta zinafanya kazi.

Volker alipofika mchana nyumba ilikuwa baridi kama pishi, na kila mtu alijua sababu, si madirisha yalikuwa wazi? Alisimama jikoni na karatasi mkononi. Mama yake alikuwa kwenye kiti kilekile, kisu cha viazi mapajani.

"Tanuri, Mama. Tanuri!"

"Nilikuwa nasikia baridi."

"Ilikuwa ishirini na mbili! Ninayo hapa, saa kwa saa, tazama. Saa moja asubuhi, ishirini na mbili. Saa tatu, ishirini na mbili na nusu. Saa tano unachoma nyumba!"

"Nilichoma taulo."

"Wiki hii taulo."

"Gusa mikono yangu," alisema Bi Wessling, akamnyooshea.

Aliigusa. Ilikuwa baridi sana. "Madirisha yalikuwa wazi," alisema Volker, akaenda kumpakia nguo za kulalia.

*

Nyumba ya wazee ilikuwa chini bondeni, karibu na mto, na ilimpokea kwa wiki nne za kupumzika. Ndivyo walivyoiita. Chumbani mlikuwa na joto la kupindukia, na madirisha yalifunguka upana wa vidole vitatu tu, kwa usalama. Bi Wessling alisimama pale kila asubuhi, pua yake kwenye ule mwanya.

Wiki ya pili alikuja Bi Nolte, mtathmini wa hali za wazee, mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba. Alimuuliza siku, mwezi, jina la mkuu wa serikali. Bi Wessling alijibu yote na kuongeza maoni yake juu ya mkuu wa serikali. Bi Nolte akatabasamu. Akamwomba achore saa. Akachora vizuri, na tarakimu zake.

"Na nyumbani kwako, Bi Wessling, kuna tatizo gani hasa?"

"Baridi. Digrii kumi na nne, kumi na tano. Tangu walipobadilisha koki."

Volker, aliyekaa kando, alitoa simu. Akaitelezesha juu ya meza. Palikuwa na mstari wa bluu uliokwenda sawa kuanzia Novemba hadi Januari, ukishuka kidogo tu pale madirisha yalipofunguliwa, na mwisho wa mstari tarakimu: ishirini na mbili. Bi Nolte aliutazama, akautazama tena, kisha akamtazama Bi Wessling kwa upole zaidi ya ule wa mwanzo. Upole huo ndio uliomuumiza.

"Umri ukienda, mwili unaweza kutudanganya," alisema Bi Nolte. "Joto, kiu, saa nyingine hata watu."

"Mwili wangu haunidanganyi. Kifaa chake ndicho kinachodanganya."

"Ndiyo," alisema Bi Nolte, akaandika. Volker alisoma juu chini kutoka alipokaa: *hisia ya joto imevurugika, hushuku vifaa.*

Wiki ya nne meneja alimwita Volker pembeni. Chumba kile kimepata mtu wa kukitaka moja kwa moja. Kama mama yake anabaki, sahihi ipatikane Ijumaa. Lazima iwe ya kwake mwenyewe, maana kwa daktari bado ana akili ya kutia sahihi. Kama habaki, Jumatatu arudi kwake. Volker alishaongea na Silke, na Silke alishasema la kwake: yeye hawezi kuishi na simu inayolia usiku kwamba mama mkwe anaungua.

Alikaa kitandani karibu na mama yake, mkataba juu ya goti.

"Siwezi kulala, Mama. Kila simu ikilia nadhani ni wewe."

"Nirudishe nyumbani basi, ulete mtu atazame zile koki."

"Koki ni mpya. Haziumwi."

"Kwa hiyo anayeumwa ni mimi?"

Volker aliunyoosha mkataba gotini. Bi Wessling alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa. Hakulia. Alifikiri, na ukimwangalia ungejua anafikiri sawasawa.

"Haya," alisema. "Nakupa neno moja. Nenda nyumbani. Vua koti, kaa kwenye kiti changu saa nzima. Usiangalie simu. Kaa tu, kama mtu. Ukirudi uniambie kuna joto, nitatia sahihi hapo na sitakusumbua tena. Ukiniambia kuna baridi, Jumatatu unanirudisha."

"Mama..."

"Wewe ulivunja kioo cha dirisha la kina Lohmann ukaja kusema mwenyewe, una miaka saba, unatetemeka. Ukiniambia wewe, nitaamini. Siyo simu. Wewe."

*

Volker alifika nyumbani kwa mama yake saa nne asubuhi. Akavua koti, akalitundika, akakaa kwenye kiti cha mama. Alikusudia kufanya kama alivyoagizwa, kwa sababu alijua jibu, na anayejua jibu hana haja ya kudanganya.

Baada ya dakika kumi alikunja mikono. Baada ya ishirini aliingiza vidole kwapani. Baada ya nusu saa miguu ilimuuma na kiuno kikakaza, na alitaka kuamini kwamba ni mwili unaomdanganya, naye sasa ana miaka hamsini na moja. Akatoa simu. Sebule, digrii ishirini na mbili nukta nne. Ukutani kipimajoto cha duka la dawa kilisema kumi na tatu.

Alipiga magoti mbele ya sanduku la mwaloni, akapitisha mkono kwenye tundu. Ndani ya mbao hewa ilikuwa ya vuguvugu, nzito, kama chini ya blanketi la mtu aliyeamka sasa hivi. Kichwa cha plastiki kilikuwa humo, kimestarehe. Kikaona ishirini na mbili, kikafunga maji, kikaridhika. Hapo sauti ya Brosch ilimrudia, kila neno: mama yako atakaa kwenye barafu. Na sauti yake mwenyewe, ya mtu mwenye haraka. Umeniambia. Asante sana.

Alishusha vyungu vya maua, kimoja kimoja, akaweka sakafuni. Maua yalikuwa yamekufa. Akang'oa ubao wa mbele, akauegemeza ukutani, akakaa sakafuni na simu mkononi kuangalia. Ishirini na mbili. Ishirini. Kumi na nane. Kumi na sita. Dakika chache tu, tarakimu zikashuka hadi zikalingana na kipimajoto cha duka la dawa, na kichwa kikashtuka, kikazunguka, maji yakaanza kuimba ndani ya bomba. Chuma kikapata moto. Dawa ilikuwa yuro mia na ishirini, au nguvu za mikono yake miwili, wakati huo wote tangu Novemba.

Volker alilia, na alilia kwa haki. Alimwona mama yake sebuleni na fulana mbili. Alimwona akibonyeza kufuli. Alifikiri: naenda sasa hivi kumwambia. Akainuka kabisa.

Halafu akafikiria namna ya kusema. Kumwambia mama, ndiyo. Lakini pia Bi Nolte na mstari wake wa bluu. Meneja. Silke, ambaye angeuliza, kwa hiyo fundi alikwambia? Annegret, na kupitia Annegret mtaa mzima. Na baada ya kusema yote, Jumatatu, mama huku juu tena, ngazi thelathini na nane, tanuri, simu kila ikilia. Si atazeeka tu? Mwaka huu au mwaka kesho, si ni kulekule? Alijisemesha hivyo kwa sauti, kwenye chumba kitupu, na hakukuwa na mtu wa kumkatalia. Chumba kiliendelea kupata joto. Mtu akishaona njia ambayo hana haja ya kukiri kosa lake, ni mara chache sana miguu hukataa kuifuata.

Alibonyeza simu, akapandisha kipimo kutoka ishirini hadi ishirini na mbili, akasubiri. Aliyasubiri yale mawili, saa na joto, mpaka kipimajoto cha ukutani kikafika ishirini na mbili kamili. Akakaa tena kwenye kiti, bila koti, saa nzima iliyohesabika. Kulikuwa na joto zuri. Alitoka jasho kidogo shingoni.

*

Bi Wessling alikuwa amevaa nguo zake za kutokea na amechana nywele. Mkoba ulikuwa mapajani.

"Umekaa?"

"Nimekaa, Mama."

"Bila koti?"

"Bila koti. Kwenye kiti chako. Saa nzima."

"Na simu?"

"Nimeangalia kipimajoto chako cha duka la dawa."

Aliinamisha uso kumtazama vizuri, kama alivyomtazama siku ya kioo cha kina Lohmann. Macho ya Volker yalikuwa mekundu, na hilo lilimfanya aonekane mkweli.

"Kinasema ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Mlangoni alipita mhudumu na gari la kahawa. Bi Wessling alingoja magurudumu yaishie mbali.

"Kuna joto kweli, Volker?"

"Kuna joto, Mama."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Alifungua mkoba, akatafuta kalamu, akaikosa, akakubali ya mwanawe. Volker akamshikia karatasi isitembee.

"Basi ni mimi," alisema.

Akatia sahihi.